Habari Zikianza, Nani Hubaki Sebuleni?

Mpenzi msomaji, chunguza jambo moja jioni ya leo. Ikifika saa moja, au saa tatu za usiku, muziki wa kutangulia taarifa ya habari unapolia, tazama ni nani anayeinuka. Katika nyumba nyingi za mjini wa kwanza kuinuka ni kijana, simu mkononi. Wa pili ni mama, ambaye ghafla anakumbuka kwamba kuna kitu jikoni. Baba hubaki, lakini hata yeye ameshika rimoti akingoja habari za mpira. Akitokea mheshimiwa wa kwanza, amesimama juu ya gari huku akipaaza sauti, baba naye hubonyeza.

"Siasa tena! Kwani nchi hii haina jambo jingine?"

Kauli hiyo nimeisikia ndani ya matatu za kwenda Umoja na Kayole, nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia hata kwa wenzangu wa kazi hii ambao unga wao unatokana na siasa hizo hizo. Huenda nawe umeitamka juma hili. Ningependa leo tuizungumze pole pole, maana uchovu huu unaingia nyumbani kwetu na kuketi nasi mezani, na watoto wanautazama.

Wazazi wetu walizikimbilia habari. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 na 1980 watakumbuka jinsi ngoma za redio ya taifa zilivyolia saa saba mchana na kelele zote nyumbani zikakoma. Redio ilikuwa moja, aghalabu ya baba, na mtoto aliyethubutu kuigusa alikiona cha mtema kuni. Idhaa yenyewe ilijulikana kama Sauti ya Kenya mpaka mwaka 1989 ilipogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Baada ya taarifa yalikuja matangazo ya vifo, na hapo ndipo nyanya zetu walipotega masikio hasa. Simu zilikuwa haba. Mtu aliweza kufiwa na ndugu Kisumu naye yuko Mombasa anauza samaki, asijue lolote ila redio imwambie.

Siku hizi utamsikia mzee akizitamani siku zile. Anasema kulikuwa na utulivu, kila mtu alijua nafasi yake, na wanasiasa hawakuwa wakipiga domo usiku na mchana kama sasa. Simlaumu. Lakini hebu tujiulize habari zile zilikuwaje. Zilianza na Mtukufu Rais, zikaendelea na mawaziri waliomsifu Mtukufu Rais, na kama ilibaki nafasi, zikaja na mvua. Siasa ilikuwepo tele. Tofauti ni kwamba ilisemwa na sauti moja, na aliyekuwa na la kupinga alilisemea chumbani, tena baada ya kuchungulia dirishani.

Mkumbuke marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025. Huyu ndiye aliyekuwa akitufunza adabu katika kile kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka 1966. Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi wa jeshi la wanahewa walimchukua na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ile ile iliyozoea kuwauliza watu ungwana ni nini ndiyo iliyosikika ikitoa tangazo lile. Jaribio lilishindwa siku hiyo hiyo. Lakini tangu hapo familia nyingi zilielewa kwamba redio ile iliyo kabatini haikuwa chombo cha salamu tu. Mwenye kuishika ndiye aliyeishika nchi.

Miezi miwili kabla ya hapo, Juni 1982, Bunge lilikuwa limepitisha kile kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 tukapigishwa kura za mlolongo, watu wakisimama nyuma ya mgombea wao mchana kweupe, mwajiri na chifu wakitazama. Mwaka 1989 waandishi wa Daily Nation walifungiwa mlango wa Bunge kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mzee anayesema zamani kulikuwa na utulivu nakubaliana naye kwa jambo moja tu, kwamba palikuwa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichozaa njaa ya habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa mijini walisoma siasa kama mtu aliyefungua saumu. Majarida kama Nairobi Law Monthly, Society na Finance yalinunuliwa upesi kabla askari hawajayakusanya. Gazeti moja lilisomwa na ploti nzima, likirudi kwa mwenyewe limechakaa kama noti ya zamani. Jioni watu waliinamia redio wakitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC ili waambiwe yaliyotokea hapa hapa Kamukunji, kilomita chache kutoka walipoketi.

Kisha ikaja ile siku ya Desemba 1991 pale Kasarani. Wajumbe wa Kanu walisimama mmoja baada ya mwingine kuvipinga vyama vingi, kila mmoja akitaka asikike kuwa mwaminifu kupita mwenzake. Mwishowe Rais Moi akasema kifungu cha 2A kiondolewe. Wengi walipigwa na butwaa, kwa maana waliyokuwa wakiyapinga asubuhi ndiyo yaliyokuwa msimamo wa chama jioni. Mwezi huo huo Bunge likakiondoa. Ukitaka kujua ni kwa nini Mkenya hamwamini mwanasiasa anayebadilisha wimbo, usitafute mbali.

Hata hivyo neno "mageuzi" lilikuwa tamu kinywani. Lilimaanisha kazi, barabara, dawa hospitalini, na kwamba mtoto wa kabwela angekaa darasa moja na mtoto wa mkubwa. Uchaguzi wa 1992 ukapita, wa 1997 ukapita, Kanu ikabaki. Desemba 27, 2002, mambo yakageuka. Waliokuwa Uhuru Park siku Mwai Kibaki alipoapishwa, akiwa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali, watakuambia hawajapata kuona umati wenye furaha namna ile. Kura ya maoni ya Gallup iliwataja Wakenya kuwa watu wenye matumaini makubwa mno duniani. Abiria walianza kuwakemea askari wa trafiki waliotaka kitu kidogo!

Tena matunda yalionekana. Januari 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa, na watoto zaidi ya milioni moja wakajitokeza darasani. Kule Eldoret, mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84. Hebu tulishike jambo hili vizuri, kwa sababu wanaosema siasa haina faida hulisahau: elimu ile ilikuwa ahadi ya jukwaani. Ilitoka katika midomo ile ile tunayoizima saa tatu usiku.

Lakini waulize wazazi wa Nairobi wa wakati huo. Darasa lililokuwa na watoto 40 likawa na 80 au 100, mwalimu akiwa yule yule mmoja. Wenye uwezo kidogo wakawaondoa wanao na kuwapeleka katika shule za kulipia, hata zile za mabati zilizochipuka mitaani. Nimekutana na mama aliyeipigia kura serikali ile kwa sababu ya elimu ya bure, akaishangilia, kisha akamhamisha mwanawe muhula wa pili. Anaposimulia haoni mgongano wowote. Alifurahi kwa ajili ya nchi na akahofia kwa ajili ya mtoto wake. Ukimwuliza kama mageuzi yale yalikuwa mazuri atasema ndiyo. Ukimwuliza kama yalimsaidia atanyamaza kwanza.

Ndivyo wengi wetu tulivyo. Tunayataka mabadiliko, na tukiyapata tunayakagua kama mnunuzi wa nguo Gikomba, tukitafuta palipotoboka.

Mawimbi ya hewa nayo yalifunguliwa. KTN ilianza mwaka 1990, Capital FM ikaja 1996, Kameme FM mwaka 2000, kisha milango ikafunguka na vituo vikamiminika kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha za mama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Redykyulass walimwigiza Rais kwenye televisheni na watu wakacheka bila kutazama nyuma. Waliokua baada ya hapo hawawezi kuelewa uzito wa kicheko kile. (Mmoja wa vijana hao, John Kiarie, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Nchi hii hata mchekeshaji haachwi atuchekeshe kwa amani.)

Basi imekuwaje tukapata sauti mia badala ya moja, na bado tukahisi tunasikia jambo lile lile?

Niruhusu nikueleze kidogo jinsi habari inavyopikwa. Jumamosi kuna mazishi na Jumapili kuna ibada. Mwanasiasa huenda kotekote, kwa kuwa ndiko kuliko na umati usioweza kuondoka. Mwandishi huenda, husimamisha kipaza sauti, na baada ya dakika tano ana habari yenye tusi, jibu na picha. Jumatatu asubuhi redio zote zinajadili alichosema fulani, na Jumanne fulani mwingine anamjibu. Sasa linganisha na habari ya kwa nini mfereji wa mtaani kwenu hutoa maji siku moja kwa juma. Hapo mwandishi lazima afike bwawa la Ndakaini kule Murang'a, aulize kampuni ya maji, asome hesabu za kaunti, atafute mhandisi atakayesema ukweli, na huenda ikamchukua majuma mawili. Ile ya mazishi gharama yake ni nauli. Vyumba vya habari vinapopunguza wafanyakazi, unadhani ni ipi itakayosalia?

Makanisa yenyewe yalichoka kabla yetu. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubu madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango uliotolewa na Rais William Ruto katika kanisa moja la Soweto, likataka fedha zirudishwe. Ukiona anayepewa sadaka anaikataa, jua kuna jambo limemfika kooni.

Kuna uchovu mwingine, na huu hauletwi na kelele. Unaletwa na hofu, tena naona ndio ulio mzito zaidi katika familia. Mwaka 2005 tulipigia kura rasimu ya katiba, ndizi upande huu na chungwa upande ule, chungwa likashinda. Kulikuwa na mzaha mwingi, na chini ya mzaha nchi ikagawanyika. Miaka miwili baadaye tukaona mwisho wake. Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Waliokuwa nyumbani walibaki kutegemea ujumbe mfupi wa simu, ambao mwingi ulikuwa uvumi na chuki tupu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika majuma yaliyofuata na mamia ya maelfu wakayahama makao yao.

Mjini kuna nyumba ambamo mume ni wa kabila hili na mke wa kabila lile. Ninawafahamu wawili walioafikiana mwaka ule kwamba hawatatazama habari wakiwa pamoja. Hawakugombana. Waliogopa tu kuonana nyuso wakati jina fulani linapotajwa. Mtoto wao mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, aliuliza mezani, "Baba, sisi tuko upande gani?" Mama mtu aliondoka akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Mpaka hii leo kila mwaka wa uchaguzi televisheni ya nyumba ile huzimwa kuanzia Julai. Mtu wa nje angesema hawa hawajali mambo ya nchi yao. Wanayajali kiasi cha kushindwa kuyatazama.

Twende kwenye hesabu. Katika uchaguzi wa Machi 2013, takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 79. Uchaguzi ule ukafutwa na Mahakama ya Juu, na ule wa marudio wa Oktoba, ambao upinzani uliususia, ukavuta asilimia 39 hivi. Agosti 2022 walikuwa karibu asilimia 65, maana yake watu zaidi ya milioni saba wenye kadi walikaa nyumbani. Isitoshe, idadi ya vijana waliojiandikisha ilipungua ikilinganishwa na 2017. Wala si Kenya pekee. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo huchunguza wasomaji wa habari katika nchi nyingi, ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu watu wanne kati ya kila kumi huzikwepa habari mara kwa mara au nyakati nyingine.

Wazazi wengi walipoona haya walihitimisha kwamba vijana wa siku hizi hawana habari na nchi. Wanajua nyimbo, wanajua mpira wa Uingereza, wanajua kucheza mbele ya simu. Niliisikia hotuba hiyo mara nyingi.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Ulipendekeza kodi ya thamani ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na ushuru wa mazingira ambao ungegusa hata nepi za watoto. Vijana wale wale wanaoondoka sebuleni habari zikianza waliusoma, kurasa kwa kurasa. Waliufafanua katika simu zao na kuufasiri kwa lugha za mama ili nyanya kule mashambani aelewe. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bungeni. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi.

Walichochoka nacho vijana hawa ni midomo ya wanasiasa. Bei ya mkate hawakuwa wameichoka. Tofauti hiyo sisi wa vyombo vya habari, na nyinyi wazazi, hatukuwa tumeiona sawasawa. Kijana anapoinuka kutoka kitini huenda haikimbii nchi. Huenda anamkimbia mtu aliye juu ya gari.

Lakini mageuzi nayo yana bei, na bei hii hawakuilipa waliokuwa juu ya magari. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya mwaka huo, na kuna wazazi waliozunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti wakitafuta watoto. Julai baraza la mawaziri likavunjwa. Majuma machache baadaye baadhi ya mawaziri wale wale wakarudi, na viongozi wa upinzani wakaingia serikalini. Katika nyumba nyingi hapo ndipo televisheni ilipozimwa tena. Safari hii mkono uliozima ulikuwa wa kijana.

Nimewahi kusikia watu wakisema heri stesheni zote zingefungwa, tupumue. Tulikwisha kuonjeshwa. Februari 2015, mvutano wa kuhamia mitambo ya dijitali uliziondoa Citizen, NTV na KTN hewani kwa takriban majuma matatu. Mara ile kuna waliofurahia. Watoto walilala mapema na watu wakazungumza. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizizima stesheni hizo kwa siku kadhaa, hata mahakama ilipoamuru zirudishwe. Juni 25, 2025, vijana walipowakumbuka wenzao waliouawa, mamlaka ya mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja yakome, na baadhi ya stesheni zikakatwa mawimbi mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Siku hiyo majirani zangu ambao hawajatazama habari kwa miezi walikuwa wakigonga milango wakiuliza nani ana redio inayoshika. Mtu anaweza kuchoshwa na chakula akakisukuma kando. Lakini sahani ikinyakuliwa na mwingine, anagundua bado ana njaa.

Kwa hiyo nikiulizwa na mzazi afanye nini, sina dawa ya chupani. Naweza kusema niliyoyaona yakifaa. Kuna nyumba moja ya Buruburu ambayo haitazami taarifa nzima. Mama husoma gazeti jioni na kuuliza watoto swali moja tu kuhusu kila habari ya siasa: hili litabadilisha nini hapa nyumbani? Kama hakuna jibu, ukurasa unafunguliwa. Anasema kurasa nyingi hufunguliwa kwa kasi sana, hasa za Jumatatu. Lakini ilipofika habari ya basari za kaunti walikaa saa nzima, na kijana wa kidato cha tatu akaenda kwenye ofisi ya wadi kuulizia fomu. Wengine huwaachia watoto simu na kuomba Mungu. Nao siwacheki, kazi za mjini zinajulikana, mtu anafika nyumbani saa nne hana hata nguvu za kuvua viatu.

Na kuna baba mmoja wa Donholm ninayezungumza naye mara kwa mara. Jumamosi ile ya Julai 7, 1990, siku ya Saba Saba ya kwanza, alikuwa kijana wa kazi ya duka. Alimwambia mama yake anakwenda kazini. Duka lilikuwa limefungwa na yeye akaelekea Kamukunji, ambako polisi waliwatawanya kwa virungu na gesi. Alirudi usiku akiwa na kiatu kimoja. Mama yake alimpakulia chakula, hakuuliza kiatu cha pili kiko wapi.

Sasa ni mtu mzima, hatazami siasa tena, anasema zimemchosha na kwamba wote ni wale wale. Binti yake yuko chuoni. Asubuhi ya Julai 7, 2025, barabara za kuingia mjini zikiwa zimefungwa na polisi, binti alitoka chumbani amevaa raba, akasema anakwenda maktaba.

"Nilijua maktaba haifunguliwi siku hiyo," baba akaniambia. "Nikamwambia akae. Akasema, 'Sawa, baba.' Nikaenda kuoga."

Aliporudi sebuleni binti alikuwa amekwisha kuondoka. Baba aliwasha televisheni, kwa mara ya kwanza tangu Januari, akaitazama mpaka saa mbili usiku mlango ulipofunguliwa.